Siku 14 na theluthi mbili: mbunge anaposimama mbele ya madaraka ya Rais

Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya wenyeviti wa mitaa, walimu wa uraia, wanafunzi wa sheria na wananchi wengine. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, vijana wa Makorora na Chumbageni, na nyinyi mliotoka Pongwe mapema ili mfike kwa wakati, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni mbunge anayepinga pale Serikali inapovuka mpaka wake. Kabla sijaingia ndani, naomba tukubaliane jambo moja: leo tuzungumze mipaka, tusizungumze watu. Ukimpenda Rais aliyepo, unahitaji mipaka. Usipompenda, unahitaji mipaka. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na Ikulu nayo ni hivyo hivyo. Ibara ya 40 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa mtu vipindi viwili, na Ibara ya 42 inasema kila kipindi ni miaka 5. Atakayekuja baada yake atayakuta madaraka yaleyale yakimsubiri mezani. Huyo hatumjui. Ndiyo maana mipaka huandikwa kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Sasa niwaulize. Mipaka hiyo iko wapi? Mtaniambia iko ndani ya Katiba. Kweli. Lakini iko katika sura gani? Wengi hutafuta maneno makubwa, na maneno makubwa yapo, mfano Ibara ya 4 inayogawa madaraka kati ya Serikali, Mahakama na Bunge. Mpaka wenyewe, ule unaomzuia mtu asipite, umeandikwa kwa siku, kwa saini na kwa idadi ya kura. Mbunge anayezijua siku na hesabu hizo anaweza kuisimamisha Serikali akiwa amekaa kimya kabisa. Asiyezijua atapiga kelele, atapigiwa makofi ya meza, na jioni kila kitu kitaendelea kama kilivyokuwa.

Ngoja niwape kisa cha Seoul.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, yapata saa 4 na nusu, Rais wa Korea Kusini, Yoon Suk Yeol, alijitokeza kwenye televisheni akatangaza utawala wa kijeshi. Amri ya kwanza iliyofuata ilipiga marufuku shughuli za kisiasa, zikiwemo za Bunge lenyewe. Askari wakatumwa kwenye jengo la Bunge, polisi wakaziba malango. Wabunge wakafanya nini? Waliruka ukuta. Spika wao, Woo Won-shik, mzee wa miaka 67, naye alipanda uzio akaingia ndani.

Kwa nini waliruka ukuta badala ya kuitisha mkutano na waandishi wa habari? Kwa sababu walikuwa wanaijua hesabu. Ibara ya 77 ya Katiba yao inasema kwamba wabunge zaidi ya nusu ya wabunge wote wakitaka utawala wa kijeshi uondolewe, Rais lazima auondoe. Bunge lao lina viti 300. Kwa hiyo walihitaji watu 151 ndani ya ukumbi. Walipatikana 190. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri: wenzake walimhimiza Spika apige kura haraka, maana askari walikuwa wameshaingia ndani ya jengo. Yeye alisubiri hoja iandikwe na iwasilishwe kwa utaratibu. Alijua kuwa azimio lenye kasoro lingeipa Serikali sababu ya kulikataa asubuhi. Saa 7 usiku kura ikapigwa, 190 kwa 0. Kumi na wanane kati ya hao walikuwa wa chama cha Rais mwenyewe. Kabla ya alfajiri Rais akatangaza kuiondoa amri yake. Tarehe 14 Desemba Bunge likamshtaki kwa kura 204, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji 8 wa Mahakama ya Katiba, wote 8 kwa kauli moja, wakamwondoa madarakani.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna nini? Tuna Ibara ya 32. Rais anaweza kutangaza hali ya hatari, kwa nchi nzima au sehemu yake, kwa sababu zilizotajwa humo: vita, tishio la kweli la vita, kuvunjika kwa amani, maafa na nyinginezo. Akishatangaza, anapeleka nakala kwa Spika. Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14. Ili tangazo liendelee kuishi, wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote wapitishe azimio la kuliunga mkono. Nimesema ya wabunge wote, siyo ya waliohudhuria. Siku 14 zikipita bila azimio, tangazo linakufa. Likiungwa mkono, maisha yake ni miezi 6, na kuliongezea miezi 6 mingine kunahitaji theluthi mbili tena. Na Bunge linaweza wakati wowote kulifuta kwa theluthi mbili hizo hizo.

Mmeona tofauti? Kule Korea, Bunge likikaa kimya, amri ya Rais inaendelea. Kwetu, Bunge likikaa kimya, amri ya Rais inakufa. Katika jambo hili Katiba yetu ni kali kuliko ya kwao. Ni wangapi kati ya wabunge wetu wanaolijua hilo?

Lakini fungueni ukurasa wa Ibara ya 44, ya kutangaza vita. Nayo ina siku zilezile 14, nakala kwa Spika, mkutano wa Bunge. Inasema Bunge litafikiria kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono. Halafu inanyamaza. Bunge likikataa, vita inasimama? Haisemi. Hapo pana tundu, na tundu la namna hiyo mbunge makini hulisema wakati wa amani, kabla hajajikuta analijadili huku vijana wa watu wameshapanda meli.

Marekani waliujifunza ubaya wa kutoweka mwisho. Tarehe 7 Agosti 1964, Bunge lao lilipitisha azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kuchukua hatua zote alizoona zinafaa kule Vietnam. Baraza la Wawakilishi: 416 kwa 0. Seneti: 88 kwa 2. Wale wawili waliosema hapana walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Hoja yao ilikuwa ya kisheria kabisa: Katiba ya Marekani imelipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na Bunge halina haki ya kumkabidhi Rais mamlaka hayo kwa azimio lisilo na idadi ya askari wala tarehe ya mwisho. Hawakusikilizwa. Mwaka 1968 wote wawili walipoteza viti vyao. Mwaka uliofuata askari wa Marekani waliokuwa Vietnam walizidi 500,000, na vita ilipokwisha Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa, achilia mbali Wavietnam wenyewe ambao ni wengi mno kuliko hao.

Bunge lilelile lililowapuuza lilikuja kulifuta azimio hilo mwaka 1971. Novemba 1973 likapitisha sheria ya kumbana Rais: akipeleka askari vitani atoe taarifa bungeni ndani ya saa 48, na Bunge lisiporuhusu ndani ya siku 60, awaondoe, akiongezewa siku 30 za kuwatoa salama. Rais Nixon aliikataa sheria hiyo kwa kura yake ya turufu, Bunge likampita kwa theluthi mbili. Mimi nawaheshimu sana Morse na Gruening. Walisema mapema, kwa sababu sahihi, wakalipa gharama. Namba za 1973, saa 48 na siku 60, ndizo zilizokosekana kwenye karatasi ya 1964.

Ndugu zangu, tuje kwenye fedha, maana madaraka hutembea na fedha.

Ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Fedha haitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini iliyotajwa na Katiba au sheria. Halafu ipo Ibara ya 143, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG tunayemsikia kila Aprili. Taarifa yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi. Rais anatakiwa kuhakikisha imewekwa mezani bungeni ndani ya siku 7 tangu Bunge lianze kikao. Asipofanya hivyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Waliotunga kifungu hicho walifikiria mbali: hata Ikulu ikifunga mlango, taarifa ina mlango mwingine.

Lakini mlango huo unalindwa na nani? Mwaka 2019, Bunge letu lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, baada ya kauli yake kwenye mahojiano kwamba Bunge lina udhaifu katika kuzifanyia kazi taarifa za ukaguzi. Chombo cha kuisimamia Serikali kikamkataa mtu anayekipa macho ya kuisimamia. Novemba mwaka huohuo Profesa Assad akaondolewa kwa maelezo kwamba miaka yake 5 ya kisheria imekwisha, na mwingine akateuliwa. Lakini Ibara ya 144 ya Katiba inamlinda CAG mpaka umri wa kustaafu, na kumtoa kabla ya hapo kuna utaratibu wake. Zitto Kabwe akaenda Mahakama Kuu. Desemba 2022 Mahakama ikaamua kwamba kumwondoa vile kulikwenda kinyume na Katiba.

Hesabuni: kutoka Novemba 2019 mpaka Desemba 2022. Miaka mitatu! Ushindi mahakamani ulipopatikana, kiti kilikuwa na mtu mwingine na taarifa za miaka mitatu zilishatoka. Hii ndiyo kasoro ya kutegemea Mahakama peke yake. Mahakama huja baada ya tukio. Bunge ndilo linaloweza kuwepo siku ya tukio, nalo siku ile halikuwepo.

Je, Bunge letu halijawahi kuwepo? Hapana, tusilionee. Februari 2008, kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Aprili 2012, baada ya mjadala mkali wa taarifa za CAG, Zitto Kabwe alizungusha karatasi ya saini bungeni ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana, na Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM wa Ludewa, alitia yake. Kilichokosekana ni siku: mkutano ulikuwa ukingoni na zile 14 hazikutosha. Hoja haikufika mezani. Lakini Mei mwaka huohuo Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri 6 wakaachwa nje. Karatasi ya saini, hata ambayo haijapigiwa kura, ina uzito. Ila anayeanza kuizungusha wiki ya mwisho ya mkutano ajue ameshachelewa.

Juu ya Rais mwenyewe ipo Ibara ya 46A, iliyoingia mwaka 1992. Nitaipitia haraka. Taarifa ya maandishi yenye saini za asilimia 20 ya wabunge, siku 30 kabla. Theluthi mbili kuunda kamati ya uchunguzi, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Theluthi mbili tena kumwondoa. Chukua Bunge la mfano lenye wabunge 390: saini 78, kisha kura 260, kisha kura 260. Haijawahi kumwondoa Rais yeyote hapa kwetu, na mimi sioni ubaya wa ngazi hiyo kuwa ndefu. Rais aliyechaguliwa na nchi nzima asitolewe kwa hasira ya jioni moja.

Sasa nifike mahali panapouma. Kama namba zote hizi zipo, kwa nini mbunge wetu husimama dakika 10 akiilaumu Serikali juu ya barabara, maji, zahanati, halafu anamaliza kwa "naunga mkono hoja asilimia mia kwa mia"? Mnacheka, lakini mmelisikia mara ngapi?

Anaogopa, na hofu yake ina namba za ibara. Ya kwanza ni 71: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, anapoteza kiti. Kwa hiyo chama kikimfukuza, wapiga kura hawaulizwi. Julai 2017, wabunge 8 wa viti maalumu wa CUF walipoteza viti kwa njia hiyo. Ya pili ni 55: mawaziri na manaibu wao huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Mbunge anayeota uwaziri anamchunguza nani, mwajiri wake wa kesho? Rasimu ya Katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ilipendekeza waziri asiwe mbunge. Mchakato ule ulisimama kabla ya kura ya maoni, na pendekezo hilo limelala nao.

Ya tatu ni 90. Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Wabunge huambiana jambo hili kwa sauti ya chini kila Juni. Lakini someni na Ibara ya 38: Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi. Anayelivunja Bunge anajipeleka mwenyewe kwenye uchaguzi. Kwa nini nusu ya kwanza inanong'onwa kila mwaka na nusu ya pili haisemwi?

Na gharama huwa kubwa kweli. Juni 1975 Bunge la Kenya lilikuwa likijadili taarifa ya uchunguzi wa kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki. Masinde Muliro, waziri, alipiga kura kinyume na Serikali, akafutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala. Akatakiwa athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, akasema kilicho wazi hakihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa ndani ya viwanja vya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kesi mpaka mwaka 1978. Mbunge kukamatwa bungeni kwa neno alilolisema bungeni! Kwetu Ibara ya 100 inasema neno lililosemwa bungeni halihojiwi mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Mkiona mbunge wa chama chochote anasumbuliwa kwa mchango wake ndani ya ukumbi, msiseme ni mambo yao ya vyama. Ni kinywa chenu kinachofungwa.

Nimalizie na jambo lililo karibu zaidi na mitaa yetu: kauli. Wenyeviti, hili ni lenu.

Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara atoe taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla, akitaja mahali, saa na madhumuni. Taarifa. Kuanzia mwaka 2016, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa kauli ya Rais. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaliondoa zuio hilo, nalo likaondoka kwa kauli. Kuondolewa kwake kulikuwa jambo jema na tulishukuru. Lakini haki inayofungwa kwa kauli na kufunguliwa kwa kauli iko mikononi mwa nani? Mbunge wa wakati ule alikuwa na swali jepesi la kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani: zuio hili limetolewa chini ya kifungu kipi? Swali moja, lenye namba, linaloingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge na kubaki humo.

Ni hivyo hivyo na saa 48 za mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, vifungu vya 7 na 15, inawaruhusu kuamuru mtu akamatwe anapotenda kosa mbele yao au anapoelekea kuvunja amani, na pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe. Saa 48 zikiisha bila kufikishwa kwa hakimu, aachiwe. Mtendaji aliyechelewa kikaoni hajavunja amani. Mwalimu aliyejibu swali vibaya hajavunja amani. Mwananchi wenu akiwekwa ndani namna hiyo, andikeni saa aliyokamatwa, jina la kituo, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Mpelekeeni mbunge karatasi hiyo, si malalamiko ya mdomo. Mbunge akiwa na saa na tarehe, waziri hawezi kumjibu kwa jumla jumla.

Na Juni bajeti ikipigiwa kura Dodoma, majina huitwa moja moja, kila mbunge hujibu ndiyo au hapana. Majibu hayo yanaandikwa, na kumbukumbu za Bunge ziko wazi kwenye tovuti yake. Mtafuteni mbunge wenu humo. Akija Tanga, mwulizeni alipiga nini na kwa nini, na kama amewahi kuusoma ukurasa wa halmashauri yetu kwenye taarifa ya CAG.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipoitaja Ibara ya 90, tuanze naye.